Kifaru cha matofali ya plastiki: kwa nini gia ya mbio ilikipunguzia mwendo

Kikiinuliwa mkononi, cheni zake zilizunguka kwa kasi hata jicho halikuweza kutenganisha kipande na kipande. Kikishushwa sakafuni kilitikisika, kikajivuta kidogo, kikasita, kikajivuta tena. Mita 10 za ukumbi wa katikati ya nyumba, kutoka mlango wa mbele mpaka uwani, zilikichukua zaidi ya sekunde 40, na mara nyingine hakikufika kabisa. Hicho ndicho kifaru cha rimoti alichoniletea mpwa wangu pale Jang'ombe, mjini Unguja, ninapotengeneza feni na pampu za maji. Ana miaka 14, bado yuko skuli, na mikono yake ina akili kuliko subira yake.

"Mjomba, nimetia gia ya mara tano," aliniambia. "Sasa mbona kimekuwa kizito?"

Ningemwambia tu aitoe gia yake aende zake. Lakini alitaja jambo lililonifanya nivute kiti: kabla ya gia hiyo, kifaru kilikuwa kikimaliza ukumbi uleule kwa sekunde 22. Yaani kijana ameongeza mwendo mara tano kwenye karatasi, na sakafuni amepata karibu nusu ya ule aliokuwa nao. Isitoshe, Sikukuu ilikuwa inakaribia na alishawatangazia wenzake kwamba atakitoa.

Vifaa alivyokuwa navyo

Vipande vingi vilitoka kwenye seti zilizotumika, alizoletewa na ndugu kutoka Maskati ndani ya begi la nguo. Hapa Unguja huingii dukani Darajani ukaomba gia moja ya meno 12. Unajenga kwa ulichonacho, na hilo lina uzito katika kisa hiki, maana nusu ya maamuzi ya mtoto yule yalitokana na kilichokuwemo ndani ya begi.

Kwa asiyevijua vitu hivi: LEGO walianza mwaka 1977 kutoa aina ya matofali ya kiufundi wanayoiita Technic, yenye boriti za matundu, ekseli zenye umbo la msalaba, pini na gia. Umbali kutoka tundu hadi tundu ni milimita 8, na gia zote zimepimwa kulingana na nafasi hiyo. Kampuni ile haitoi vifaru vya kivita vya kisasa, huo ndio msimamo wake wa siku nyingi, kwa hiyo anayetaka kifaru huchukua cheni za buldoza au za kigari cha mashindano, mengine akayabuni mwenyewe. Kuna kigari chao kimoja cha mwaka 2017, namba 42065, chenye vipande 370, ambacho kinakaribia sana kitu alichokitaka mpwa wangu: cheni mbili, rimoti, na mwendo.

Kifaru chake kilikuwa na mota mbili za LEGO za aina ya L, kila cheni na mota yake. Mota hiyo ikipewa volti 9 bila mzigo huzunguka kama mara 390 kwa dakika. Ukiibana mpaka isimame, inasukuma kwa kiasi cha nyutoni 18 kwenye mkono wa sentimita moja. Namba hizo mbili, 390 na 18, ndizo zilizomaliza ubishi wote, na ndiyo maana nazitaja mapema. Betri zilikuwa sita za ukubwa wa AA. Rimoti ilikuwa ya mwanga wa infraredi, yenye vijiti viwili, kimoja cha cheni ya kushoto na kimoja cha kulia: ukisukuma kinakwenda kwa nguvu zote, ukiachia kinasimama. Hakina katikati.

Hesabu ya karatasi

Mpwa alikuwa ameweka gia ya meno 40 kwenye mota ikiizungusha gia ya meno 8. Kila mota ikizunguka mara moja, gurudumu la meno linalovuta cheni linazunguka mara tano. Gurudumu hilo lina kipenyo cha kama sentimita 4, hivyo kila mzunguko unasogeza cheni sentimita 12.5 hivi. Ukizidisha unapata mita 4 kwa sekunde. Hapo ndipo alipofurahi, na simlaumu, hesabu yenyewe ni sahihi.

Ila ni hesabu ya kifaru kilicho hewani. Gia haizalishi nguvu, inabadilishana tu: unachopata kwenye mwendo unakilipa kwenye msukumo. Ni kama baiskeli uliyoitia kwenye gia nzito halafu unaanza kupanda nayo mlima ukiwa umesimama. Zile nyutoni 18 ukizigawa kwa tano zinabaki 3.6. Mkono wa gurudumu ni sentimita 2, kwa hiyo kila cheni inasukuma kwa nyutoni 1.8, zote mbili nyutoni 3.6, tena hapo ni wakati mota inakaribia kusimama.

Je, kifaru kinahitaji kiasi gani ili kisogee? Hapo watu wengi hukisia. Ipo njia rahisi isiyotaka kifaa chochote. Nilizitoa gia za mota, nikakiweka kifaru juu ya ubao wa mita moja, nikauinua ubao upande mmoja taratibu mpaka kikaanza kuteremka chenyewe. Kilianza ncha ya ubao ilipofika sentimita 18 juu. Maana yake msuguano wa cheni na magurudumu unakula kama asilimia 18 ya uzito wake. Kwenye mizani ya duka la jirani kilipima gramu 1,320, sawa na nyutoni 13 kwa kukadiria. Asilimia 18 yake ni nyutoni 2.3.

Kwa hiyo kwenye karatasi kilikuwa na 3.6 na kinahitaji 2.3. Kingepaswa kwenda, japo kwa shida. Kilichobaki kilikuwa kwenye betri.

Betri za redio

Aliweka betri za kawaida za zinki na kaboni, zile wanazonunua watu kwa ajili ya redio na saa za ukutani. Kwa redio hazina ubaya. Nilipozipima zikiwa zimepumzika mita ilisoma volti 9.2, na kijana akanitazama kama aliyeshinda kesi. Nikamwambia asukume vijiti vyote viwili huku nimekishika kifaru kisiende. Mita ikashuka mbele yake: 8, 7, ikatulia kwenye 6.1. Aliachia, ikapanda. Akasukuma tena, ikashuka. Alirudia hivyo peke yake kwa muda, akicheza na ile namba, na nadhani hapo ndipo alipoelewa zaidi kuliko kwa maneno yangu yote.

Mota mbili za L zikibanwa hutaka karibu ampia 1.3 kila moja. Betri ndogo za zinki haziwezi kutoa kiasi hicho bila kuanguka, kwa sababu ukinzani wa ndani yake ni mkubwa. Volti zikishuka kwa theluthi, msukumo nao unashuka kwa theluthi: zile nyutoni 3.6 zinakuwa 2.4. Mzigo ni 2.3. Sasa ule mwendo wa kujivuta na kusita una maelezo. Kifaru kinaanza kwenda, betri zinaanguka, kinasita, zinapata nafuu kidogo, kinajivuta tena.

Tulijaribu alkalini, zikashikilia kwenye volti 8 hivi chini ya mzigo. Baadaye tukaweka za kuchaji, za nikeli, ambazo kila moja ni volti 1.2 tu, hivyo sita zinafanya 7.2. Zikipumzika zinaonekana dhaifu kuliko zote. Zikifanya kazi zilibaki juu ya 7 muda wote, hazikuyumba. Kwa mtoto anayechezea kila siku baada ya chuo cha Kurani, bei ya alkalini haivumiliki, basi tukabaki na za kuchaji na kukubali kupoteza kidogo.

Msuguano: kazi ya mchana kutwa

Hapa ndipo mwendo mwingi ulipopatikana, na hapa ndipo ambapo wajenzi hawapendi kukaa, kwa sababu hakuna cha kujionyesha.

Nilipofungua sanduku la gia upande wa kushoto nilikuta uji mweusi. Alikuwa ametia mafuta ya cherehani, akiona kwamba kila kinachozunguka kinahitaji mafuta. Kisha akakipeleka kifaru kwenye mchanga. Mchanga wetu wa pwani ni laini na mkali, nao ukishaingia kwenye mafuta unakuwa dawa ya kusagia meno ya gia. Kwenye ile gia ndogo ya meno 8 ncha zilikuwa zimeshaanza kuwa za mviringo. Plastiki hizi huteleza zenyewe zikiwa kavu na safi, tena mafuta mengine huweza kuipasua plastiki ya matofali baada ya muda. Tuliosha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isipokuwa mota na waya, tukaanika kivulini kwenye ungo.

La pili ni bushi. Hivi ni vipete vinavyozuia ekseli isitoke. Mpwa alivisukuma vyote kwa kidole gumba mpaka vikabana kwenye boriti, akidhani kubana ndiyo uimara. Kila bushi iliyobana ni breki ndogo, na kifaru kilikuwa na magurudumu 14 ya chini. Dawa yake ni kukata kipande cha karatasi ya daftari, kukipenyeza kati ya bushi na boriti wakati wa kusukuma, halafu kukitoa. Ile nafasi ya unene wa karatasi inatosha. Ukizungusha gurudumu kwa kidole na kuliachia, linapaswa kuendelea kidogo lenyewe. Kabla ya hapo hakuna hata moja lililoendelea.

La tatu ni cheni zenyewe. Zilikuwa zimekazwa kama waya wa kuanikia nguo ulioandaliwa kwa harusi. Tulitoa kipande kimoja kila upande. Cheni ikiwa na afya, sehemu yake ya juu hulegea na kubonyea kidogo. Ikilegea kupita kiasi itaruka meno wakati wa kona. Kwa kuwa gurudumu la kuvuta la kifaru hiki liko nyuma, sehemu ya chini ndiyo inayokazwa na mota na ya juu inabaki huru, kwa hiyo ulegevu huo haumsumbui mtu.

Uzito ulikuwa na kisa chake. Kichwa chenye mzinga alikuwa amekijaza matofali ndani, kizima, bila uwazi. "Ili kisipinduke," alisema. Mzigo ulio juu ndio unaopindua, si unaozuia, lakini sikubishana, nilimwachia akitikise mwenyewe. Tulikitoboa kikabaki ganda, tukaondoa na sahani za pembeni. Mizani ikasoma gramu 940.

Wanaotengeneza vifaru vya kweli wanalijua hili. Scorpion cha Uingereza kilijengwa kwa bodi ya alumini badala ya chuma, kikawa na uzito wa tani 8 hivi, na mwaka 2002 kimoja kilipimwa mwendo wa kilomita 82.23 kwa saa, rekodi iliyoingia Guinness. Hawakufika huko kwa kuongeza gia tu.

Baada ya hayo yote, ubao ulihitaji kuinuliwa sentimita 10 tu badala ya 18. Mzigo wa kusogea ulishuka kutoka nyutoni 2.3 hadi kama 0.9. Tulirudisha mota moja kwa moja bila gia ya kuongeza, tukapima ukumbi: sekunde 16. Ni kifaru kilekile na mota zilezile zilizotoa 22.

Kona

Sasa gia ilikuwa na haki ya kuzungumzwa. Kwa nafasi ya matundu mawili, milimita 16, zinaingia jozi chache: 16 kwa 16, 20 kwa 12, na 24 kwa 8. Ya kwanza haibadilishi kitu, ya pili inaongeza mwendo mara 1.67, ya tatu mara 3. Mpwa aliitaka ya tatu, na kwa kweli ilikuwa na sura nzuri: sekunde 9 kwenye ukumbi, kijana karuka, bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kisha akajaribu kukigeuza. Akasukuma kijiti kimoja mbele na kingine nyuma, kizunguke pale pale. Cheni zilitetemeka, mota zikalia kwa sauti nene, halafu kimya. Kipokezi, kile kinachopokea amri za rimoti na kuzipa mota umeme, kilikuwa kimekata umeme kujilinda.

Hapa ndipo ilipo siri ya kitu chochote kinachokwenda kwa cheni. Gari hugeuza magurudumu yake. Kifaru hakina cha kugeuza, kinaburuza cheni zake ubavuni juu ya sakafu, na kuburuza kunataka nguvu nyingi kuliko kwenda mbele. Tatizo hili ni la tangu mwanzo. Mark I ya Waingereza, iliyoingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa, ilikuwa na watu 8 ndani, na wanne kati yao walihitajika ili tu kuiendesha na kuigeuza. Mwendo wake haukuzidi wa mtu anayetembea kwa haraka.

Kadiri cheni inavyogusa chini kwa urefu mkubwa ukilinganisha na upana kati ya cheni mbili, ndivyo kugeuka kunavyokuwa kugumu. Vifaru vya kweli huwa na uwiano wa kati ya 1 na 1.8 hivi. Cha mpwa kiligusa chini kwa sentimita 21, na upana ulikuwa sentimita 12, yaani 1.75, karibu kabisa na ukingo. Tuliinua magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa tundu moja ili cheni iguse kwa sentimita 14.5 za katikati tu. Uwiano ukashuka hadi 1.2. Sura haikuharibika, ukikitazama kwa mbali hujui.

Halafu vile vipande vya mpira. Cheni hizi za plastiki zinaweza kutiwa mpira kwenye kila kipande ili zisiteleze, na yeye alijaza vyote. Kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpira unasaidia kuanza kwa kasi, lakini wakati wa kona ndio unaokamata na kukataa kuburuzwa. Tulibakisha mmoja kila baada ya vipande vitatu. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio wa kuanzia kwa sakafu za nyumba zetu. Kwenye vigae vinavyong'aa pengine utaongeza.

Kwa mabadiliko hayo gia ya mara 3 iliweza kugeuka kwa kujikaza, ikiwa betri zimetoka kuchajiwa, na kipokezi kikakata tena baada ya muda. Gia ya 20 kwa 12 iligeuka pale pale bila kulalamika, na ukumbi iliumaliza kwa sekunde 12, au 11 kwa alkalini. Hapo ndipo tuliposimama. Hiyo ni kama kilomita 3 kwa saa. Si mwendo wa kumtisha mtu, lakini kwa kitu kirefu kama mkono kutoka kiko hadi kifundo, kinachozunguka kwenye nafasi yake na kukimbia upande mwingine papo hapo, kinaonekana chepesi kuliko namba zake. Gia ya kifaru ichaguliwe kwenye kona. Ukiichagua kwenye mstari ulionyooka utapata kitu kinachokwenda mbele tu, mpaka ukutani.

Jua

Tulipokitoa uwani saa nane mchana, hakikusikia. Mpwa alidhani tumekata waya. Nilimwambia aingie nacho mlangoni, kikasikia; akatoka, kikanyamaza. Kipokezi kinatafuta mwanga wa infraredi unaotoka kwenye rimoti, na jua nalo linamwaga mwanga huohuo kwa wingi usiolinganishwa. Kijicho kinapofuka. Tulikunja manila nyeusi ikawa kama kikofia juu ya kijicho, ikasaidia kwa hatua chache, basi. Ndani ya nyumba ni kinyume: kuta zetu za chokaa nyeupe hurudisha ule mwanga, na nilishangaa kuona kifaru kikitii hata kilipokata kona ya ukumbi na kutoonekana.

Kwa sababu hiyo Sikukuu hakikwenda viwanja vya wazi vya Mnazi Mmoja. Kilikimbizwa ukumbini baada ya Magharibi, dhidi ya vigari vya watoto wa mtaa vilivyonunuliwa siku hiyohiyo. Kwenye mstari ulionyooka kilishindwa na karibu vyote, kama ilivyotarajiwa. Waliposhindana kuzunguka ndoo na kurudi, vile vigari vilihitaji ukumbi mzima kugeuka, na matokeo yakawa mengine.

Sasa kijana anataka mota za XL. Hesabu yake si mbaya: XL huzunguka kama mara 220 tu kwa dakika, lakini husukuma kwa 40 pale L inapofika 18. Ukiipa gia ya mara 3 inafika mizunguko 660, karibu sawa na ya sasa, na bado inabaki na msukumo wa zaidi ya 13 dhidi ya 10.8. Gharama yake ni uzito, gramu 69 kwa 42 kila mota, na umeme, karibu ampia 1.8 kila moja ikibanwa. Kipokezi kilichokata kwa mota za L hakitazibeba hizo. Nimemwambia aanze na kisanduku cha Bluetooth, kinachoendeshwa kwa simu, chenye uwezo wa kutoa umeme zaidi na kisichojali jua. Ndugu wa Maskati ameshatumiwa ujumbe.